Acha Kunipigania Mtandaoni

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu abadilishiwe dawa. Sisi huku tu wazima, ila nimechoka. Si uchovu wa wodi ya wazazi. Huo ukioga na kulala unaisha.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Nikikupigia utaanza kulia, nami nitaanza, na hatutaambiana kitu.

Unajua zile video zangu zilivyoanza. Kina mama walikuwa wakirudi nyumbani hawajui hata kumshika mtoto anyonye vizuri, nikaona nirekodi tunavyowafundisha sisi wakunga. Watazamaji wakaongezeka, na wenye midomo nao wakaingia. Mmoja aliyejificha nyuma ya picha ya ua aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamjibu ukweli, kwamba sina. Basi! Nikaitwa tasa, nikaitwa mchawi wa wodi. Mwingine akasema nafundisha kuogelea ilhali sijawahi kulowa. Hiyo ya mwisho ilinichekesha kidogo, nisikufiche.

Mwanzoni niliwajibu mmoja mmoja, kwa adabu. Nikawa nawaongezea hamu tu. Halafu fundi wa kompyuta pale hospitali akaniwekea kizuizi cha matusi. Wakawa wanayaandika kwa kutia nukta katikati ya herufi. Daktari wetu akanishauri nifunge ukurasa nipumzike, na kweli nilikaa nikitaka kuufunga. Lakini chini ya rundo lile la matusi nikakuta swali la mama mmoja: mtoto wake mchanga amegoma kunyonya na amelegea, afanyeje? Nikamwandikia amkimbize hospitali, asingoje. Alimkimbiza, na mtoto akapona. Nikajiuliza ni maswali mangapi kama lile yamefunikwa na kelele. Sikuufunga.

Kwa hiyo sasa simu anashika shemeji yako. Mimi namenya viazi, yeye anakaa pale jikoni anafuta matusi na kuwafungia wanaoyaandika, kisha ananisomea maswali tu. Ninapumua. Ila namwona uso unavyobadilika, dada. Yale ninayoyakwepa mimi yanamwingia yeye, na akiulizwa anasema macho tu yanamuuma.

Sasa nije kwako. Najua ulikuwa na hasira. Lakini ulipowaandikia, “Mdogo wangu ameharibikiwa na mimba mara mbili, nyie hamna hata haya?” uliwapa kitu ambacho hata wenzangu kazini hawakuwa nacho. Waliyapiga picha maneno yako wakayasambaza. Kesho yake naingia wodini, maongezi yakakatika. Mkunga mwenzangu akanikumbatia mbele ya wagonjwa, kwa huruma kabisa, nikatamani ardhi ipasuke. Sikulaumu. Tangu tukiwa wadogo, mtu akinigusa wewe ndiye wa kwanza kukunja ngumi. Lakini hawa hawataki kujua ukweli, dada. Wanatafuta pa kunishikia, basi.

Kuna jambo ambalo mpaka sasa ni mimi na mume wangu tu tunaolijua. Nina mimba. Imeshavuka pale zilipokomea zile mbili, na jana nimemsikia mtoto akicheza, nikiwa nimemshika mkono mama mwingine aliyekuwa akijifungua. Nilishindwa hata kumwambia “sukuma.” Akasukuma mwenyewe.

Nilidhani nitatamani kuwatangazia wote, na shemeji yako alikuwa ameshatunga maneno makali ya kuwaziba midomo. Akanisomea. Yalikuwa mazuri. Tukatazamana, akayafuta. Sitaki mwanangu azaliwe kuwa jibu la watu wale. Wakitaka kuniita tasa hadi siku nitakayokuwa nanyonyesha, na waite.

Basi nakuomba, mwambie Mama kwa mdomo, mkiwa wawili tu. Usiandike popote, hata wakisema nini juu yangu. Na vidole vikikuwasha sana, panda gari uje unikande miguu, imeanza kuvimba.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu wote, hata yule asiyependa kubusiwa.

Mimi mdogo wako,
kitindamimba wa Mama