Mwenye Kofia, Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Darasa la kwanza. Chumba juu ya duka la vifaa vya ofisi, kompyuta nane, zinazowaka tano. Mwalimu angeweza kuwa kitinda mimba wa mama yangu. Wanafunzi wanamwita Pikseli, jina la vile vitone vinavyounda picha ya kompyuta, naye anaitika. Kanitazama mlangoni, kauliza: "Karibu mama. Umekuja kumwandikisha nani?" Nimekuja kujiandikisha mimi! Miaka hamsini na mbili, vitabu vimejaza kuta tatu za sebule, na leo nimefundishwa kushika mausi.

Sikumwambia nimefuata nini. Hapa nitasema. Ijumaa ya tarehe 14 nasimama mbele ya Baraza la waandishi kuthibitisha nilichoandika kwenye safu yangu: kwamba ile picha ya kurasa mbili, ya mkutano wa kuunga mkono barabara mpya, imebandikwa watu. Kuna mwanamume mwenye kofia ya mirabamiraba. Yupo kushoto. Yupo na kulia! Uwanja uleule, picha ileile. Nikamwita mpigapicha "fundi cherehani wa uongo". Mji mzima ukacheka. Gazeti lake likamsimamisha kazi. Naye akanishtaki Barazani.

Baraza linataka nionyeshe mwenyewe, ukutani, jinsi picha ilivyobandikwa. Nikishindwa, nakanusha kwenye ukurasa wa kwanza na safu yangu ya miaka kumi na tisa inakufa. Mhariri wangu kayasema hayo bila kupepesa macho. Nikamwambia sijawahi kushindwa mjadala. Akasema huu si mjadala, ni kompyuta.

Jumanne, 4 Machi

Matabaka. Picha moja inaweza kuwa na picha nyingine juu yake, na nyingine tena, kama shuka juu ya godoro. Kila tabaka lina alama ya kijicho pembeni. Ukikibonyeza kijicho, tabaka linatoweka, unaona la chini yake. Pikseli ana amri moja tu, kaiandika ubaoni kwa wino mwekundu: USIGUSE TABAKA LA CHINI. Kazi yote ifanyike juu, kwenye tabaka jipya, na ulipe jina. "Ili kesho ujue jana ulifanya nini." Nimeipenda sentensi hiyo. Nitaiiba.

Ninayekaa naye ni mshonaji wa nguo za harusi, anajifunza ili apendezeshe picha za magauni yake. Mnene, mcheshi, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Kanikazia macho nusu saa, kisha: "Dada, wewe si yule mwandishi wa gazetini?" Nikakiri. "Sasa mafundi cherehani tulikukosea nini?" Darasa zima meno nje. 

Alhamisi, 6 Machi

Stempu. Ndicho nilichokifuata! Unachagua mahali, unabonyeza, brashi inachukua kilicho pale na kukipaka hapa. Pikseli kafuta nguzo ya umeme nyuma ya bibi harusi kwa sekunde kumi. Anga ikafunga kama hapakuwa na kitu.  Ni rahisi kiasi hicho? Basi nilikuwa sahihi. Basi yule binti mpigapicha aliketi mahali, akabonyeza mara kumi, akazaa umati.

Nyumbani mume wangu kauliza kama nimefungua bahasha. Baraza lilinitumia flashi yenye picha za asili alizokabidhi mpigapicha. Ipo kwenye droo, gundi haijaguswa. Nikamwambia: mtu anayetuhumiwa uongo ndiye aniletee ushahidi? Keshaupiga pasi! Mume wangu alipima ardhi miaka thelathini. Kasema tu, "Sisi tulikuwa tunakwenda uwanjani kwanza, Jemedari, ndipo tunagombana." Ananiita Jemedari anapotaka kunipinga bila kuonekana anapinga. Nilimjibu vibaya. 

Jumamosi, 8 Machi

Kutwa nzima mezani. Nimeskani zile kurasa mbili za gazeti. Balaa! Kunjo la karatasi limepita katikati ya uso wa mwenye kofia wa kulia. Na uso wenyewe mdogo kama punje ya mchele. Pua haipo, mdomo umechanika. Hapo wajumbe wa Baraza wataona doa, si mtu.

Nikakumbuka stempu. Nikatengeneza tabaka jipya (Pikseli angefurahi), nikaliita Usafi. Nikachukua shavu la yule wa kushoto, nikapaka kwa wa kulia. Pua. Mdomo. Si ni mtu yuleyule? Basi uso wake nautoa kwake! Nilihangaika saa tatu, vidole vimekufa ganzi, lakini sasa wanafanana kama shilingi mbili. Nikawazungushia duara nyekundu. Nikaunganisha matabaka yote kuwa picha moja, tayari kwa Baraza. Faili lenye matabaka nimeliacha palepale kwenye flashi yangu.

Nimemwonyesha mume wangu. Kavaa miwani, kavua. "Kweli wanafanana." Miwani kairudisha mfukoni. Mbona hakunisifu?

Jumapili, 9 Machi

 Nimeandika utangulizi wa maelezo yangu mara nne. Kila mara unaanza na barabara ninayoipinga: nyumba zitakazobomolewa, visima vitakavyofukiwa. Kuhusu barabara niko sahihi! Hilo hakuna wa kuniondolea.

Jumatatu, 10 Machi

Ushahidi nimeukabidhi. Karani wa Baraza kapiga mhuri, kasifu: "Imetoka safi sana." Neno safi likanichoma, sijui kwa nini. Mhariri kapiga simu, mara hii anacheka. Anataka picha hiyo itoke gazetini Jumamosi, pamoja na hukumu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haraka, mwandiko huu nitashindwa kuusoma.

Leo somo lilikuwa kuunga picha. Ukitaka mandhari pana kuliko jicho la kamera, unapiga vipande, kushoto kwenda kulia, kisha programu inavishona. Pikseli kaweka kamera kwenye miguu mitatu, kapiga darasa letu vipande vitano, kuanzia dirishani hadi mlangoni. Katikati ya shughuli simu ya mshonaji ikalia mlangoni ilikokuwa ikichajiwa, naye akaikimbilia, nyonga zikigonga meza. Programu ikaunga. Picha ikatokea ukutani.

Mshonaji dirishani, amekaa. Mshonaji mlangoni, simu sikioni.

Vicheko! "Mapacha!" "Gauni moja, watu wawili!" Mwenyewe alishika mbavu: "Mume wangu asiione hii. Mmoja tu anamshinda!" Mimi peke yangu sikucheka. Nikasikia sauti yangu ikiuliza, kali kama niko redioni: "Mwalimu, huu si uongo?" Pikseli kashangaa. "Uongo wa nani, mama? Kamera haikubandika mtu. Mtu alitembea."

Mtu alitembea.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikumbuki barabara. Nikafungua droo. Nikachana bahasha.

Picha saba. Kushoto kwenda kulia. Katika ya pili, mwenye kofia yuko karibu na jukwaa, mdomo umefungwa. Katika ya sita yuko upande mwingine, jasho limelowesha kola, kofia imesogea nyuma kidogo, na mdomo uko wazi. Wazi kabisa, meno yanaonekana! Kati ya hizo mbili kuna picha ya nne, na ndani yake, kwenye ukingo uliokatwa wakati wa kuunga, mgongo wake, anajipenyeza katikati ya watu. Nimehesabu waliotokea mara mbili kwenye ile ya gazeti. Wanne. Katika uwanja uliojaa mpaka ukutani. Umati ulikuwa umati.

Halafu nikafungua ushahidi wangu. Duara mbili nyekundu. Midomo miwili imefungwa.

Mdomo wa pili niliufunga mimi.

Labda alikuwa anashangilia barabara. Labda alikuwa anaizomea! Sikumpa nafasi. Katika picha nzima mbandikaji ni mmoja tu, naye alilipa tabaka lake jina zuri.

Alhamisi, 13 Machi

Sikuwa na somo leo lakini nilikwenda. Pikseli alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi. Nikamuuliza, kama kwa udadisi: mtu akichukua uso hapa akapaka pale, kisha akaunganisha matabaka, itajulikana? "Kwa macho, huenda isijulikane. Kwa kompyuta, dakika mbili." Na mtu akiwa hajui kwamba anaharibu? Kaacha kitambaa. "Mama, mimi nakusoma tangu nikiwa shule. Hujawahi kumwachia mtu kwa sababu hakujua."

Niliaga haraka.

Mchana nikampigia mhariri. Nikaeleza kila kitu: picha saba, mtu aliyetembea, stempu.  Akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, ambayo ni mbaya kuliko ya hasira: ushahidi umeshapokelewa, mhuri umegongwa, wajumbe ni wazee wa karatasi, hakuna atakayepima pikseli. "Dada yangu, nenda, onyesha, rudi. Usijivue nguo hadharani ukatuvua na sisi." Nikasema yule binti amemwaga unga kwa ajili yangu. Akasema nikikiri, wa barabara watasherehekea mwaka mzima, na kila nililowahi kuandika kuhusu zile nyumba litaitwa la kubandika.

Hapo kanishika pabaya. Maana ni kweli. Wenye nyumba wale ndio wananiandikia. Kuna mzee aliyenitumia barua, kasema nimebaki mimi tu.

Mume wangu yuko kibarazani anachonga penseli. Nimemwambia pia. Hakusema "nilikuambia". Heri angesema! Kauliza tu: "Lile faili lenye matabaka bado unalo?" Ninalo. "Basi hujapotea." Kaendelea kuchonga penseli ambayo imeshachongoka.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne na robo. Ukumbi mdogo wa Baraza, korido yenye benchi mbili zinazotazamana. Nimekuja na flashi moja. Nimekaa na mhariri wangu, kajipulizia manukato ya sikukuu.

Mpigapicha kafika. Kichwani mwangu alikuwa jitu. Ni msichana mwembamba, viatu vya raba, begi la kamera begani, tupu, limelala kama kiatu kisicho na mguu. Kamera ni ya gazeti, wameichukua. Begi kaja nalo kwa mazoea tu. Kanitazama moja kwa moja, kasema: "Shikamoo."

Nikaitika marahaba. Mdomo uliitika kabla yangu.

Tumeingia, tumetoka. Projekta imegoma. Mwenyekiti katupa mapumziko mpaka fundi atengeneze. Ndiyo maana naandika. Mikono inahitaji kazi. Msichana ameketi mbele yangu, anasoma tangazo la ukutani ambalo lina mistari miwili tu. Mhariri kaninong'oneza mara ya tatu: anza na barabara, picha onyesha kwa haraka.

Fundi katoka, bisibisi mdomoni. Projekta imewaka, anataka picha yoyote ya kujaribia. Nani anayo? Msichana kapapasa begi lake, kakumbuka halina kitu. Nikaona mkono wangu umeshanyoosha flashi.

Fundi amerudi mlangoni. "Mama, humu kuna Ushahidi na kuna Ushahidi Matabaka. Nifungue lipi?"

"La kwanza," mhariri kajibu, upesi, kama mwenye flashi ni yeye.

Nimesimama, daftari mkononi. Nimemwambia fundi asiguse kitu, nakuja mwenyewe kufungua lenye matabaka. Nimemwambia msichana naye aingie, akae kiti cha mbele, karibu na ukuta. "Nije kuona nini, mama?" Mhariri amedaka mkoba wangu, anatabasamu kwa ajili ya karani, vidole vimekaza. Mlango uko wazi, ukuta ni mweupe, wajumbe wanarudi vitini na wote wananisubiri mimi nifungue mdomo. Miaka kumi na tisa, na sijawahi kukosa sentensi ya kwanza —