Kondoo Mweupe wa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi kuandaa somo la Jumapili. Waebrania: damu ya wanyama haiondoi dhambi. Somo hili nalijua hata nikiwa usingizini.

Baba kanikatiza. Miguu imevimba zaidi. Anasema mji wake umepasuka, wanawe hawaonani, na hataki kufa ukiwa hivyo. Kamwita mdogo wangu Masanja aje kutoka Kasekese, na kachagua kondoo wa kutupatanisha, yule mweupe. Nimemwambia mimi ni mwinjilisti, sishiki kondoo wa matambiko.

Jumanne, 4 Machi

Habari imefika kanisani. Washirika wananipa mkono, eti nimesimama imara. Mke wangu naye anajivuna. Mimi nimeshindwa kula.

Alhamisi, 6 Machi

Mafundisho ya jioni. Mjane mmoja kauliza: kama Mungu hazitaki dhabihu, mbona kwenye Walawi anaagiza hadi mafuta ya figo yachomwe? Halafu kwa Isaya anasema zimemchosha. "Kwani alibadili mawazo, Mwinjilisti?"

Nikamjibu kwamba zile zilikuwa kivuli tu cha msalaba. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Akasema asante kama mtu aliyeuziwa maharage mabovu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudia Walawi tangu asubuhi. Kuna mahali nimeparuka miaka yote. Aliyemdanganya mwenzake akaapa uongo anarudisha kwanza alichochukua, na sehemu ya tano juu yake, ndipo alete kondoo dume. Na Yesu naye: iache sadaka yako, nenda kwanza kwa ndugu yako. Vitabu vinagombana kuhusu damu. Hapa havigombani.

Desturi ya Baba ni hiyo hiyo. Kila mwana anamshika kondoo shingoni, anataja kosa lake kwa sauti mbele ya wote. Kisu baadaye.

Niandike basi. Miaka sita iliyopita zamu ya kuchunga ilikuwa yangu. Nikaacha ng'ombe, nikaenda mazoezi ya kwaya. Wakaingia shamba la jirani wakamaliza mahindi yote. Nikasema nilimwachia Masanja. Nikaapa. Masanja akalia, akakana, hakuna aliyemwamini, maana mimi ndiye niliyeokoka. Baba akatoa ng'ombe wa Masanja kumlipa jirani, akamfukuza, akamkataza kukanyaga hapa.

Nimetubu mara nyingi mno. Kimya kimya, macho nimefumba. Kondoo simkatai kwa ajili ya Waebrania. Namkataa kwa sababu anataka niseme. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Basi hadi Mpanda, bodaboda hadi Kasekese. Matope mpaka magotini.

Masanja alikuwa anapalilia mahindi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha. Akaendelea na jembe hadi mwisho wa mstari, akarudi.

"Nyie mliookoka mna raha, kaka. Mkishasema, mnapumua. Mama kazikwa mimi sipo."

Akaanza mstari mwingine.

Ng'ombe wake naweza kumrudishia, na sehemu ya tano juu yao. Mazishi ya mama nitayarudishaje?

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Baba kabla ya ibada. Amegeukia ukutani. Kisha nimewaambia washirika. Sikuhubiri. Wazee wamenisimamisha kuhudumu madhabahuni mpaka watakapokaa kikao. Sawa. Yule mjane peke yake ndiye aliyenisindikiza mpaka njiani.

Jumatano, 12 Machi

Baba amepiga simu Kasekese mwenyewe. Amemwomba Masanja msamaha, nimemsikia. Sikuwahi kumsikia Baba akiomba msamaha kwa mtu. Simu ilikatika, au ilikatwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ndogo. Masanja hajaja.

Shemeji zangu walitaka kondoo achinjwe ili mambo yaishe. Baba kakataa. Kasema aliyekosa ameshasema, sasa neno ni la aliyekosewa, na kisu hakimtangulii mtu.

Kondoo yuko nyuma ya zizi, anakula majani, ananenepa. Leo nimemchotea maji mwenyewe.