Sikuanguka Ngazini

Mdogo wangu, bwana harusi mtarajiwa,

Mama hajambo. Kabati lako litachelewa. Sababu iko mwishoni.

Kuanguka ngazini nilidanganya. Asubuhi ile nilichelewa kazini, uume umesimama, nikaukunja kwa nguvu ili suruali ifungike. Ukalia ko! kama ubao mkavu, ukalala papo hapo, ukavimba. Hata daktari nilimwambia ngazi, akanipiga picha ya nyonga! Shemeji yako akachoka: “Daktari, mvue suruali.” Nikapasuliwa siku hiyohiyo.

Tumekua tukilala chumba kimoja, najua tabia hiyo ya kuukunja unayo. Iache. Hata kitandani usiwe na pupa, na ukisikia mlio ule, kimbilia hospitali useme kweli.

Kama nimepona? Kabati linasubiri nimalize kitanda cha mtoto wetu mtarajiwa.

Kaka yako, seremala