Kamba ya Maweni

Muyuni, Jumanne, baada ya sala ya alasiri

Mdogo wangu Jaku,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nshaipokea kabla hujaitoa: marahaba, na Mungu akuweke. Hujambo? Goti limeshuka uvimbe, au bado unalikanda kwa dawa ya yule mzee wa Chukwani anayewauzia watu maji ya chumvi kwenye chupa? Mkeo Salhiya mpe salamu nyingi. Mwambie zile biskuti alizoniletea Idi nimezila mwenyewe, wajukuu nimewapa bati wachezee. Mimi ni mzima. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau. Meno yamebaki manne na yote yanafanya kazi.

Utashangaa kuona barua. Anayeiandika ni Rahila, mke wa mwanangu, maana mimi skuli nimeiona kwa nje tu, unajua. Nimemkataza kunipambia maneno. Nikisema ovyo aandike ovyo. Kwenye simu sitaki tena. Wewe ukikasirika unaikata, mimi nikilia salio linakwisha. Karatasi unaweza kuichana, lakini hadi uichane utakuwa ushaisoma.

Hapa kijijini hatujambo. Mvua za vuli zimekuja kwa kujivuta, mihogo imeshika hivyo hivyo. Panya wametusumbua mwaka huu, wamekula hadi sabuni. Simai, jirani yetu, bado mdomo wake hauna mlango, na utamsikia tena huko mbele.

Khabari khasa ni ya ile ardhi yetu ya maweni aliyotuachia baba, mafungu mawili yako na moja langu. Mwezi wa Mfunguo Pili alikuja kijana anaitwa Abdulhakim, mtoto wa huko huko kwenu Mpendae, yumo katika mradi wa kuwahifadhi chatu. Jina la mnyama huyo nnalitaja kwa kuwa jua bado liko juu. Likishuka, mimi nasema kamba, asije akisikia anaitwa, kama mama alivyotufunza, na Rahila akicheka acheke.

Basi huyo kijana alinijia jua linazama, mimi nimekaa barazani nasokota makumbi. Akaniuliza kama katika maweni yangu kuna nyoka. Nikamwambia hicho unachokitaja hapana, lakini kamba ipo, tena nene. Akayatazama makumbi yangu, akaandika. Akauliza nene kiasi gani. Nikamwambia kama paja langu, na mimi si mwembamba. Akaandika. Akauliza urefu, nikamwambia kutoka mlangoni pangu hadi katikati ya ua. Akauliza nimeisokota kwa muda gani. Nikamwambia mwanangu, ile kaisokota Mungu. Na hilo nalo akaliandika, masikini, kwa mwandiko mzuri!

Wiki ya pili akaleta orodha ofisini kwa sheha ikasomwa mbele ya watu. Kila mwenye ardhi ya maweni katajwa kama ana chatu au hana. Nilipofikiwa mimi ikasomwa kuwa Bi Sichana hana nyoka, ila ni fundi mkubwa wa kamba, ana moja ya kufungia meli. Simai alicheka hadi kofia ikamdondoka. Akasema kwa sauti kuwa Bi Sichana auze kamba hiyo bandarini, kwani si ana ndugu yake huko. Nikamwambia Simai meno yake mabovu ayafunike, yanatisha watoto. Kesho yake asubuhi nikamwita Abdulhakim nyumbani, jua likiwa kali, nikamtajia jina lenyewe waziwazi. Aliinama akashika kichwa. Kasema kwao mjini hawajamfunza hilo. Nikampa chai.

Hapo ndipo aliponieleza vizuri. Kasema chatu huku kwetu wamekuwa adimu. Msitu unachomwa, mawe yanavunjwa kwa chokaa, na kila anayeonekana anapigwa. Wao wa mradi hawana askari wala hawataki kumtoa mtu kwenye ardhi yake. Wanachoomba ni mapatano ya hiari. Mwenye ardhi anaahidi kuwa kwa miaka mitano hatachoma wala kuvunja mawe pale penye mapango, na chatu akionekana haguswi, anapigiwa simu Abdulhakim. Wao kwa upande wao wanatujengea banda la waya la kulaza mbuzi, ili mnyama wetu asiwe chakula cha mnyama wao. Mwenye kuchoka anajitoa. Nikamuuliza, na nikikataa leo hii? Kasema nikikataa atamaliza chai yake ashukuru aende zake.

Nilimpenda hapo, Jaku. Umri wote huu watu wamenijia na karatasi na wino, wananishika gumba kama wanashika jogoo. Hata kuolewa kwangu niliulizwa kama nimeridhi nikiwa nshapakwa hina hadi viwikoni. Huyu ndiye wa kwanza kuja na karatasi akaniachia mlango wazi nyuma yangu.

Lakini kasema ardhi ina wenyewe wawili, na gumba langu peke yake halitoshi. Ndipo nikakupigia simu. Na wewe ukanambia, nakumbuka neno kwa neno, choma dada, choma pori lote tukate viwanja, pale mahali hapana kheri. Ukakata. Nilikaa na simu sikioni hadi ikapoa.

Sikukukasirikia. Unasikia? Sikukukasirikia hata kidogo, na sababu yake utaisoma chini. Nivumilie kidogo, nnaizunguka kwa kuwa naiogopa.

Siku nne baada ya simu yako, Simai akachoma sehemu yake, ile iliyopakana na yetu. Alikuwa hajakubali mapatano, na hakuvunja ahadi ya mtu. Moto ulikwenda siku nzima. Asubuhi akaja kwangu hana utani, kofia mkononi, akaniomba nifuatane naye. Nikaenda na fimbo yangu. Katika mwanya wa jiwe tukamkuta chatu jike, ameungua. Alikuwa amejizungusha mara mbili juu ya mayai yake, kichwa kimelala juu kabisa kama kifuniko. Nyuma yake njia ya kutokea ilikuwepo, pana, mtu angeingiza mguu. Moto ulikuja pole pole, alikuwa na wakati wa kuondoka. Hakuondoka.

Simai alisema yeye hakujua. Alisema hivyo mara nyingi, kama mimi ndiye kadhi. Kesho yake akaenda kwa sheha akatia gumba mwenyewe, hakuna aliyemwita.

Mimi nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Rahila akadhani homa. Si homa. Yule mnyama amenikumbusha jambo ambalo nimelikalia miaka sitini, nikijizungusha juu yake, lakini si kwa ajili ya kulinda kilichomo. Mdogo wangu, sasa soma pole pole. Kama umesimama, kaa.

Unamkumbuka yule mbuzi wa hitima ya mama. Mweusi, mguu mmoja mweupe. Ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tatu. Mama ameshatimiza mwaka kaburini, na mimi ndiye niliyeachiwa nikuangalie wewe. Baba alikukabidhi mbuzi, ukamfunga kwenye kigingi chini ya kilima, ukaenda chuoni kusoma Kurani. Uliporudi mbuzi hayupo na kamba imelala pale kwenye kigingi, wazi. Baba akasema hukufunga. Wewe ukasema ulifunga. Akasema mwongo. Akakupiga kwa kamba ile ile, akasema umemnyima mama yako hitima yake. Mwezi haukuisha akakupeleka kwa ami mjini, na hukulala tena nyumba hii hadi baba alipokufa.

Jaku, ulifunga. Fundo lako lilikuwa zuri. Nililifungua mimi.

Siku ile kulikuwa na harusi kwa kina Mwanamkasi, anatolewa bibi harusi, na mimi nilikuwa nakufa kwa hamu ya kumwona. Nilikuwa nimeambiwa nimwangalie mbuzi hadi utoke chuoni. Nikaona pale kwenye kigingi majani yamekwisha, atalia, nitaitwa. Nikamfungua, nikampeleka maweni karibu na pango kwenye majani mabichi, nikaizungusha kamba kwenye jiwe haraka haraka nikakimbia harusini. Niliporudi kamba ipo, imemchomoka shingoni, mbuzi hayupo, na chini ya jiwe amelala chatu, tumbo limemjaa, hawezi hata kugeuka. Tulitazamana. Sikupiga kelele. Ningepiga kelele baba angekuja, na angeuliza mbuzi kafikaje huko.

Nikaichukua ile kamba nikairudisha kwenye kigingi chako. Nikailaza vizuri, kama imefunguka yenyewe.

Rahila ameweka kalamu chini, ananitazama. Nimemwambia aishike, bado.

Mwanzo ilikuwa hofu ya fimbo. Nilidhani baba atakufokea tu. Alipoanza kukupiga nilisimama mlangoni nikaimeza sauti. Alipokupeleka mjini nikasema nitakwambia ukirudi. Hukurudi. Baba akafa, nikasema nitakwambia baada ya arobaini. Kisha ukaoa. Kisha nikasikia kuwa huko bandarini wanakuita Jaku Mara Tatu, kwa kuwa kila mzigo unaufunga mara tatu na unarudi kuutazama tena, na wenzako wanakucheka. Salhiya mwenyewe alinihadithia hapa barazani, akidhani ni kichekesho. Nilicheka naye. Kisha nikaingia ndani nikakaa gizani kwenye chumba cha kuni.

Miaka sitini unasema pale hapana kheri. Pale hapana kosa, mdogo wangu. Chatu alikula alichoekewa mbele yake. Wewe ulifunga ulichopewa. Shari yote ya mahali pale nilikuwa mimi, na kanga yangu ya harusi.

Yule jike alikuwa na njia ya kutokea na hakuyaacha mayai. Mimi nilikuwa nawe mmoja tu. Nikaondoka.

Basi nisikilize. Ijumaa baada ya sala Abdulhakim anakuja kwa sheha na karatasi, na hiyo ndiyo siku ya mwisho. Nimemwambia asiandike jina langu mpaka ujue haya. Sitaki hiari yako niipate kwa kukuficha, maana hiyo si hiari, ni wizi wa pili. Mafungu mawili ni yako. Ukitaka kukata viwanja, kata. Nitamwambia kijana anywe chai yake aende, na nitakuja Mpendae kula kwako vile vile. Ila usichome kwa sababu ya fundo. Ukichoma kwa sababu nyengine yoyote, sina neno.

Na radhi sikuombi kwenye karatasi. Nitakuomba uso kwa uso, ukitaka kunifokea nifokee, masikio bado yanasikia.

Jambo moja lililobaki. Nyumbani kuna mbuzi, nimemlea mwenyewe tokea alipozaliwa, mweusi. Mguu mweupe hana, Mungu hakunipa. Hitima ya mama tutaisoma wiki ijayo kwa nia yako, na nitawaambia watu wote barazani, Simai akiwemo, kwa nini imechelewa. Usiku analala banda letu la zamani, lakini mchana nataka afungwe kwenye kigingi kile kile chini ya kilima, na sitaki afungwe na mtu mwengine. Njoo umfunge wewe. Mara moja inatosha.

Rahila anakuja mjini kesho na barua hii mkononi. Mkaribisheni, ana mimba changa hata mumewe bado hajawatangazia, msimpe samaki wa kukaanga. Atakaa na Salhiya uani, hatakuharakisha. Nisalimie wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao, na yule mdogo mwambie bibi wa Muyuni bado ana meno manne ya kumng'atia. Mungu akupe afya ya goti na akulinde na kila baya, na mimi nimo humo.

Gumba hilo hapo chini ni langu, la kulia. Kwenye karatasi ya Abdulhakim bado sijalitia. Nimeanza na yako.

Dada yako,
Sichana binti Haji