Kichwa Chako Hakikupikwa

Caraquet, Februari

Mdogo wangu Alyre,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka huku nyumbani, ambako theluji imefika madirishani na Mama bado anafagia ngazi kwa ukaidi. Hujambo? Unakula chakula cha kueleweka huko Moncton? Sisi hatujambo. Barua yako niliipata. Umeandika kwamba msimamizi wako anataka kukufundisha kuendesha kreni, nawe ukamwambia atafute mwingine, maana kichwa chako kilipikwa na homa utotoni. Nilicheka, kama tunavyocheka siku zote. Sasa sicheki.

Jumapili mwanangu Josette aliamka na homa. Unamjua Mama. Alikata vitunguu, akavitia ndani ya soksi za mtoto, akamfunika mablanketi mawili na kufunga kila dirisha. Mimi nami sikuwa na afadhali. Kila nikipita nampima kwa kipimajoto, na namba ikipanda roho inaniruka. Mume wangu Gilles alisema tumwache mtoto apumue, tukamfokea kwamba wanaume hawajui kitu. Josette mwenyewe alikuwa anacheza na kijiko na kuomba maji.

Tulikuwa tunapakua supu ya kuku degedege lilipomshika. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Alyre, nilidhani ananifia. Mama alitaka kumtia kijiko kati ya meno. Gilles akamzuia, akamlaza mtoto ubavu juu ya zulia na kuita gari la wagonjwa. Mama alipiga magoti pale, akawa analia kwamba homa imempika kichwa, kama Alyre wake. Degedege likaisha kabla gari halijafika.

Hospitalini, daktari aliyekuwa zamu, mama mmoja mchangamfu, alimkagua Josette mwili mzima. Alipomvua soksi akauliza, “Jamani, mlitaka kumtibu au kumuunga?” Kisha akatueleza taratibu. Homa ni mwili kupigana na ugonjwa. Dawa yake ni ya kumpunguzia mtoto taabu, si ya kufukuza namba. Akicheza na kunywa, avae nguo nyepesi na aachwe. Wa kukimbizwa hospitali ni mchanga asiyefikisha miezi mitatu, akipata homa yoyote ile, na mtoto wa umri wowote anayepumua kwa shida, asiyeamka vizuri, aliyekaza shingo au asiyekojoa. Degedege nalo tulifanya vyema kuita msaada, lakini la homa, la muda mfupi kama lile, haliunguzi ubongo.

Hapo Mama akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, je, na mtoto aliyeshikwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita? Daktari akataka kujua mtoto huyo alikuwaje baadaye. Mama akasema jioni ile ile alidai mkate wa kupaka molasi tamu, akala vipande vitatu. Daktari alicheka. Akasema huyo hakuumia kitu.

Tulipofika nyumbani, Mama akakaa jikoni bila kuvua koti lake, akaniambia jambo ambalo ameniomba nikuandikie. Ulipokuwa darasa la tatu, mwalimu wako alikuja nyumbani kusema una akili kuwashinda wenzako, na anataka kukupa hesabu za darasa la juu. Mama alimsihi asikuchoshe. Walimu waliofuata akawasihi vivyo hivyo, na wao wakakuacha. Hukushindwa na masomo, Alyre. Ulizuiwa, na aliyekuzuia alikuwa anakupenda na kuogopa. Nimelia sana kuandika hili. Nimemkasirikia Mama, kisha nikakumbuka mablanketi yale mawili, na mimi nilisaidia kuyakunja pembe.

Nenda kwa msimamizi wako kesho asubuhi. Mwambie mwenye kichwa kizima amepatikana.

Josette sasa anakimbia nyumba nzima na soksi mkononi. Gilles anakusalimu, na tangu Jumapili hashikiki kwa maringo. Mama anakuomba msamaha, na ataupokea siku yoyote utakapokuwa tayari. Amesema nikuandikie na hili, kama alivyolisema: “Akishindwa na hiyo kreni, basi ashindwe kwa uvivu wake mwenyewe, kama sisi wengine.”

Dada yako akupendaye,
Zélie