Nyimbo za Bibi kwenye Mashine ya Baba

Kibuta, Kisarawe
4 Machi 2024

Mjomba Latifu, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Sisi wazima, ila baba bado hasemi tangu apigwe na kiharusi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na simu yako ya kitochi haipokei picha.

Kila siku baba ananyooshea mkono ile kompyuta yake kuukuu, aliyopewa ofisini alipostaafu. Humo alichapa nyimbo za Kizaramo alizoimbiwa na bibi. Nimeiwasha, imewaka, ila inadai kibodi, na waya wa kibodi yake uliliwa na panya. Nimenunua mpya Mlandizi, mdomo wake bapa, hauingii popote. Nyuma ya mashine kuna tundu la duara, kama ncha ya kidole gumba, ndani vitundu vitano vimejipanga nusu mwezi. Ni la nini?

Mpwa wako,
Raudha

Pangani, Kibaha
12 Machi 2024

Marahaba, mpwa wangu, na Ramadhani njema. Mguu ndio huohuo, natembelea fimbo.

Hilo la duara ndilo la kibodi. Wengi hulidhania la spika. Kompyuta zilizofuata zina la duara pia, ila dogo, la vitundu sita. Ukiuziwa kibodi ya hilo, usilazimishe, utavunja. Ya vitundu vitano nitakutafutia mimi huku.

Sasa niangalizie hapo nyuma lile tundu pana kuliko yote. Likiwa na matundu, ni la printa. Likiwa na pini zilizochomoza, silo. Likiwa la printa, nitakuja na printa yangu ile ya makelele, tumchapie shemeji nyimbo zake azishike mkononi.

Mjomba wako,
Latifu

Kibuta
19 Machi 2024

Mjomba, shikamoo. Ni matundu! Nilipomsomea baba barua yako alicheka, machozi yakamtoka.

Lakini hali si nzuri. Hata uji sasa unampalia. Ukiipata kibodi, usingoje mguu upone. Itume tu.

Mpwa wako,
Raudha

Pangani, Kibaha
2 Aprili 2024

Marahaba, Raudha. Habari za mgonjwa? Nimehangaika kwa mafundi wote, wananicheka. Hatimaye nimeipata kwa Recho, mama anayeuza vyuma chakavu. Nimeisafisha na kumkabidhi dereva wa gari la Mlandizi.

Mwambie shemeji avumilie kidogo. Idd ikipita nakuja.

Mjomba wako,
Latifu

Kibuta
6 Mei 2024

Mjomba wangu, shikamoo. Pole na safari ya kurudi. Nashukuru ulivyokuja kumzika baba na mguu ule.

Mzigo wako ulifika wewe umeshaondoka. Ulikuwa umesahaulika dukani Mlandizi, alikouacha dereva. Siku kadhaa sikuugusa. Juzi nikachomeka kibodi kwenye lile tundu, ikaingia kama kwake. Nyimbo zote zimo, mjomba.

Nikamwita shangazi Tatu, nikamsomea moja baada ya nyingine. Wimbo mmoja aliudaka, akauimba mpaka mwisho. Nyingine alisikiliza tu, mkono shavuni.

"Shangazi, hii inaimbwaje?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa mdogo. Hizi alibaki nazo kaka."

Nimeuliza Kibuta nzima. Maneno ninayo, sauti zake hazipo.

Njoo na printa mashine ikiwa bado inawaka. Tuzichape zote, hata zile ambazo hakuna wa kuziimba.

Mpwa wako,
Raudha