Sukari Ndani ya Kibuyu

Tunduma, Machi 1954

Kwa mama yangu mpenzi Yunisi, Kamsamba.

Shikamoo mama. Natumaini waraka huu utakukuta mzima na joto la huko halikunyimi usingizi. Miguu inaendeleaje? Mpunga je? Sisi tu wazima, na neno hilo naliandika kwa furaha, maana mwezi uliopita nisingethubutu.

Mjukuu wako Mbonile, tangu aachishwe ziwa, tumbo lake lilikataa kila kitu isipokuwa mtindi wa kile kibuyu ulichonipa nilipoolewa. Wakwe zangu walipokuja, nikataka waone kuwa binti wa Kamsamba anajua kupokea wageni. Nikatia sukari ya dukani kibuyuni, eti maziwa yanenepe. Kesho yake yakatoa povu na harufu ya pombe. Wakwe walikunywa kwa adabu tu, mtoto akatapika. Kwa woga nikakiacha kibuyu kitupu kipumzike. Nikazidi kuharibu.

Mume wangu Ezron, ambaye sasa anamsaidia daktari wa ng'ombe, alitazama masalia yake kwa darubini. Akanieleza kuwa mbegu ya maziwa, ile inayobaki kibuyuni ikagandisha maziwa mapya, ni vijidudu vya aina nyingi, vinavyoishi pamoja kwa chakula cha kadiri tunachovipa kila asubuhi. Chakula kikifurika, aina moja yenye pupa huzaana upesi na kuzisukuma nyingine nje. Kikikosekana, hubaki vichache vilivyo sugu tu. Alisema mimi nimevitendea yote mawili. Nilicheka huku nalia, maana Mbonile alikuwa amebaki mifupa.

Mvua zilikuwa zimekata njia ya kwenu, na kuomba mbegu kwa watu ni aibu, kwa kuwa kwetu ni mwiko itoke nje ya ukoo, na unajua bibi anavyoulinda. Aibu nikaimeza, nikamwendea jirani yangu Tusekile, aliyeolewa kutoka huko huko Kamsamba. Akanipa bila kusita. Nikaitilia maziwa kidogo kidogo kila asubuhi, na leo mjukuu wako huyu anafukuza kuku uani.

Juzi nikamuuliza Tusekile mbona hakuogopa kutoa mbegu ya ukoo wake. Akasema si ya ukoo wake, kwao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Akasema wewe ndiwe uliyempa alipokuwa anaolewa, bibi akiwa shambani, ukamwapisha asimwambie mtu.

Mama, nilipiga magoti pale pale jikoni kwake. Asante kwa kuuvunja ule mwiko. Msalimie baba na wote wa nyumbani. Bibi naye msalimie sana, ila tafadhali barua hii usimsomee.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nesta